Mguu wa Kushoto wa Rick Allen

Bendi za roki za miaka ya themanini huchekwa kwa nywele zao kwanza, muziki baadaye. Nywele zimetimuliwa, suruali zinabana, wanja umejaa machoni. Na mimi nacheka. Ila tukifika kwa Def Leppard, naomba tucheke taratibu.

Walianza 1977 huko Sheffield, mji wa viwanda vya chuma Uingereza. Jina lao, ukinyoosha tahajia, ni Chui Kiziwi (kwa Kiswahili naona linapendeza zaidi). Mpiga ngoma, Rick Allen, aliingia akiwa na miaka 15. Albamu ya Pyromania ya 1983 ikawafungulia Marekani, pesa ikaanza kuingia. Halafu tarehe 31 Desemba 1984 Allen akapata ajali ya gari, mkono wa kushoto ukakatika. Madaktari wakaushona, ukashika maambukizi, ukakatwa tena. Alikuwa na miaka 21.

Wenzake hawakutafuta mtu mwingine. Walimngoja. Akatengenezewa ngoma za umeme zenye pedali za ziada, pigo la mkono wa kushoto likahamia mguu wa kushoto. Agosti 1986 akapanda jukwaa la Donington, tamasha kubwa la roki Uingereza.

Wengi husimulia kisa hiki kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, na hapo ndipo tunapokosana. Vaa spika za masikioni usikilize albamu yao ya Hysteria ya 1987. Ngoma hazina papara. Pigo linatua, linaachiwa nafasi, ndipo jingine linafuata. Ni kweli, studioni mashine zilifanya kazi kubwa, na prodyuza Mutt Lange, mzaliwa wa Zambia, alikuwa mtu wa kurudia kitu mpaka wenzake wachoke. Lakini jukwaani hakuna pa kujificha, na mtindo ule wa mapigo machache, mazito, ulimkaa Allen kama nguo ya kupimwa kwa fundi. Albamu ile imeuza zaidi ya nakala milioni 20.

Subira yao haikumwokoa kila mtu. Mpiga gitaa Steve Clark alilemewa na pombe. Wakampa likizo ya miezi sita. Januari 1991 alifariki London, kabla hajarudi. Mwaka huohuo Nirvana, bendi ya Marekani yenye roki isiyo na madoido, wakaja na mashati ya drafti, bendi nyingi za nywele zikazimika. Def Leppard wakaendelea, na 2019 wakaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani.

Ukipata video ya tamasha lao, mwache mwimbaji. Tazama chini, kwenye pedali.