Posho ya Dola 24,000? Igawe kwa 12 Kwanza

Barua za ofa za vyuo vikuu vya Marekani kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu zikianza kutoka, mwaka unapoanza, swali kwenye magrupu ya WhatsApp huwa moja: "Wamekupa ngapi?" Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Muulize mwenzako ni za miezi mingapi.

Tuseme umepewa dola 24,000 na msamaha wa karo, uwe msaidizi wa kufundisha. Soma hadi chini: mkataba ni wa miezi 9, katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 12. Tena kusamehewa karo si kusamehewa ada zote; ada ya teknolojia, ya mabasi, ya jumba la michezo na ya wanafunzi wa kigeni mara nyingi unazibeba mwenyewe. Tuziweke 900 kwa muhula, yaani 1,800 kwa mwaka. Bima ya afya, kama chuo hakiilipi, tuiweke 2,500. Zimebaki 19,700, na ukigawa kwa 12 unapata kama 1,640 kwa mwezi. Toa chumba cha 900, zinabaki 740 za kula, simu na nauli, na serikali bado haijachukua chake.

Serikali nayo haimkati kila mgeni sawasawa. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, ambaye bado hahesabiwi kuwa mkazi kwa sheria za kodi hapati lile punguzo la kawaida wanalopata Wamarekani, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi. Wa India analipata kwa mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili, na wa China husamehewa dola 5,000 za mapato ya kazi. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba kama huo na Marekani, kwa hiyo sisi tunakatwa kuanzia dola ya kwanza. Kutafuta mkataba ni kazi ya wizara zetu za fedha, na sioni haraka yoyote. Kitu kimoja tu kiko upande wetu: katika miaka 5 ya kwanza ya kalenda, mwenye F-1 hapaswi kukatwa Social Security (makato ya pensheni) wala Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65. Fungua hati yako ya kwanza ya mshahara utafute mistari hiyo miwili. Ukikuta tarakimu, nenda ofisi ya mishahara mwezi huo huo, maana kuzidai baadaye kwa mamlaka ya kodi ni safari ndefu ya fomu.

Na usijidanganye kwamba utaziba pengo kwa kibarua cha maktaba. Nafasi ya usaidizi ya nusu ajira ni saa 20 kwa wiki, na F-1 hairuhusu zaidi ya saa 20 chuoni masomo yakiendelea. Umeshajaza. Ukipewa robo, saa 10, uliza kama msamaha wa karo nao umekatwa nusu.

Wapo wanaoona aibu kuuliza haya, kana kwamba posho ni sadaka. Ni ujira. Mwaka 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wa uzamili na uzamivu, waligoma wiki kadhaa wakapandishiwa malipo. Wewe unauliza tu kwa barua pepe: kiangazi kinalipwa? Ufadhili umehakikishwa miaka mingapi, na kwa sharti gani? Muda unao, kwa kuwa vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mtu kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni tarehe ya malipo ya kwanza. Unafika Agosti, kisha unaomba namba ya Social Security, ile ya kumtambulisha mfanyakazi kwa serikali, ukiwa na barua ya ajira na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na mshahara hulipwa kazi ikishafanyika. Ukilipwa mwisho wa Septemba umebahatika. Wakati huo mwenye nyumba ameshachukua amana na kodi ya mwezi wa kwanza, na godoro umelinunua. Idara nyingine hutoa malipo ya awali au mkopo mdogo usio na riba, lakini humpa aliyeomba mapema, Juni au Julai, kabla hajapanda ndege.