Nilikuwa na Bukta

Naanza na hili hata kabla ya salamu: nilikuwa na bukta. Bukta ya kuchezea mpira, ya kijani, inafika magotini. Yule rafiki yangu aliyewarushia habari tangu juzi, eti nilitoka mbio uchi nimekumbatia kompyuta, hakuwapo. Alisimuliwa na aliyesimuliwa, na kila mdomo ilipopitia ikavuliwa nguo moja.

Kisa ni joto. Kaskazi imelegea, mtaani kwetu Langoni, Lamu, hapatikisiki jani, na kompyuta yangu ya kuhariria video za harusi ikiwa kazini inafika digrii 88. Nikaagiza feni tatu kutoka Mombasa, za milimita 120. Mbili za mbele zivute hewa ya nje, moja ya nyuma itoe ya moto. Kila moja skrubu nne tu. Ikanila jioni nzima. Mara waya umeingia kwenye mapanga, unapiga ta-ta-ta-ta kama boti inayoishiwa mafuta kwenye mkondo wa Mkanda. Mara nimechomoa waya wa feni ya prosesa bila kujua, mashine inawaka na kunigombeza kuwa feni haioni.

Sasa kosa lenyewe, na mafundi subirini kwanza. Feni ya mezani inakupuliza upande ule wa uso wake, si ndiyo? Basi na mimi za mbele nikazielekeza nyuso ndani, ya nyuma nikaielekeza uso nje. Kumbe hivi vifeni vinavutia upande ulio wazi, na kupulizia upande wenye vile vimkono vinavyoshika mota, penye stika. Kwa hiyo nyuma inavuta, mbele inatoa. Digrii zikapanda hadi 93, nami nimekaa, upepo wa moto unanipiga magotini, nasema maashaallah, hela yangu haikupotea.

Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Liwekeni hilo akilini.

Alhamisi baada ya Alasiri Bibi hufukiza nyumba. Meza yangu imegota ukutani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na siku hiyo chetezo akakiweka kwenye kidaka kilicho nyuma ya kompyuta hasa. Mimi nina visikilizio masikioni, nakata picha za bwana harusi akishuka ngazi. Pua yangu nayo imezaliwa ndani ya udi, haiuhesabu tena.

Nikaona uzi mmoja wa moshi, mweupe, mwembamba, unatoka usoni mwa kompyuta. Ukasimama hewani kama unanitazama. Ukaja wa pili. Halafu zile feni mbili zikaanza kutema moshi kwa raha zao, kama wazee wawili wenye buruma.

Nikapiga ukelele: "Motooo!"

Mtu mwenye akili angezima swichi. Mimi nilichomoa plagi, nikaikumbatia mashine kama mtoto anayeokolewa mafurikoni, nikatoka mbio. Kibodi ilikuwa bado imeungwa, ikanifuata kwa waya wake, inagonga kila kidato. Nikapita daka, nikaingia ndiani. Mbele yangu punda wawili wamebeba mchanga, wameziba ujia mzima. Kushoto baraza, wazee watano wanangoja Magharibi.

Hapo ndipo nilipoisikia kikoi inalegea.

Haikuanguka kwa ghafla, ndugu zangu. Ilifikiri kwanza. Fundo likafunguka, upindo ukateleza nyongani, nikabana mapaja. Nikatazama mikono yangu: yote miwili imeshika kompyuta. Ndani mna harusi ya watu, siku tatu za kupiga picha, na nakala nyingine sina. Punda mmoja akageuza shingo kunitazama. Nikachagua harusi.

Kikoi ikashuka. Chini, BUKTA.

Bibi akatokea mlangoni, chetezo mkononi, hana hata haraka. "Mwanangu, moto gani huu unukao udi?"

Kimya. Kisha mzee mmoja barazani, aliyewahi kusafiri na babu, akainama, akaweka kiganja chake nyuma ya kompyuta, akanusa, akanusa na mbele. Nikamweleza nilivyozifunga. Akatikisa kichwa: "Mjukuu wa nahodha, upepo wa shubiri moja umekushinda?"

Baraza lilivyocheka, mwenye punda ikabidi aketi chini.

Yaliyofuata si hadithi. Nikazigeuza feni zote tatu, skrubu kumi na mbili, digrii zikashuka hadi 74. Kabla ya kufunga kasha nikamwomba Bibi chetezo, nikakisogeza mbele: moshi ukaingia mbele, ukatoka nyuma. Video imefika kwa wenyewe, ingawa bibi harusi ameuliza mbona flashi inanukia hivi.

Bukta iko kambani, juu darini. Mwenye shaka apande akaitazame, ila apige hodi, Bibi yupo.