Kina kimeniponza

Jamani kutunga wimbo sio kazi ya mtu mwenye mke, nawaambia mapema.

Mimi nauza duka la hadiwea Buguruni, misumari, gundi, bomba za nusu inchi, nina miaka 43, na muziki nilikuwa naimbia bafuni na kwenye maharusi tu, na kule bafuni bana mimi ni hatari. Sasa mwezi wa nne mvua zimekolea, foleni ya kwenda Tabata haisogei, nimekaa dirishani kwenye daladala, melodi ikaja yenyewe. Nikatoa simu nikajirekodi chini chini, mm mm mmm, nisije nikaisahau. Mama wa pembeni akachukua mkoba wake akauhamishia upande wa pili. Haya.

Kivumbi kikaja kwenye maneno. Nikasema namuimbia mama Neema, mama wa nyumbani. Jina lake Agnes. Sasa wewe kaa chini unitafutie kina cha Agnes kwa Kiswahili! Maneno yetu yanaishia na irabu, huyu mwenzangu kaishia na s, anang'ata tu hewani. Nikalazimisha Agnesi, nikapata kesi na nesi. Wimbo wa mapenzi una kesi na nesi, hiyo sio ngoma, hiyo ni taarifa ya ajali. Nikasema basi niimbe "mama Neema", dogo produza akanambia braza, ukishataja neema watu watajua gospo. Ndo hapo nikamtoa Mwanahawa kichwani. Haki ya Mungu simjui, sijawahi kumuona, nimemchukua kwa ajili ya vina tu: dawa, mbawa, nimepagawa, unaniamsha kama kahawa, yaani maneno yanashuka yenyewe mpaka nachagua kama niko sokoni.

Tukaenda studio. Manzese, uani kwa watu, chumba kimoja kuta zote wamebandika trei za mayai. Mi nilijua zinazuia kelele. Hazizuii kitu! Dogo mwenyewe kaniambia zinapunguza mwangwi wa humo ndani kidogo tu, kelele za nje zinapita kama kawaida, na ile maiki yao ya kondensa inasikia kuliko mama mkwe. Nimeanza vesi ya kwanza, adhana. Tukasubiri. Nimeanza tena, kapita jamaa na spika begani, dawa ya panya dawa ya mende dawa ya kunguni, tukasubiri tena na kunguni wake. Feni imezimwa maana maiki inaidaka, mlango umefungwa, joto la Dar lile mnalijua, mimi nipo katikati ya trei za mayai natota jasho kama nakaribia kutotolewa. Na elfu 80 nimeshalipa.

Halafu dogo akanirudishia nisikilize. Nikamuuliza huyu nani? Akasema wewe. Nikasema hapana dogo, umechanganya mafaili, huyu mtu ana mafua na ana umri wa miaka 15. Ndo akanielezea, eti ukiongea unajisikia kwa masikio na kwa mifupa ya kichwa vilevile, na ile mifupa ndo inakuongezea besi, wengine wote hawaipati, wanapata kinachotoka mdomoni tu. Kwa hiyo miaka yote hii besi nilikuwa nafaidi peke yangu! Watu nimewaimbia kwenye maharusi, wakanipigia makofi, kumbe walikuwa wananionea huruma.

Vesi ya pili nimefika "unaniamsha kama kahawa", huko nje muuza kahawa kapita na dele lake anagonganisha vikombe, kla-kla, kla-kla, na akaingia kwenye biti kama kaajiriwa. Mi nikasimama, nikasema futa, dogo kashika kichwa, kasema braza hiki hakifutwi, hiki ndo kimekuja na wimbo.

Sasa ngoma nimeirusha kwa washkaji wa kijiweni. Wiki mbili sasa. Hakuna aliyesema sauti nzuri. Hakuna aliyesema mashairi. Wote wanauliza vile vikombe kapiga nani? Na muuza kahawa kasikia, sasa akinimiminia anagonga vikombe ananitazama usoni, na mia yake anachukua yote, hata punguzo la usanii hakuna.

Nyumbani ndo msije. Agnes kasikiliza mara moja, kimyaa, akachomoa chaja ya simu yangu akachomeka yake. "Baba Neema, Mwanahawa nani?" Nikasema kina. "Kina nani? Kumbe wako wengi?" Nikaona niwe msomi kidogo, nikamwambia mke wangu hii ni kazi ya sanaa, kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, wimbo huu ni mali yangu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya mimi kufa, faida yake mtakula nyie. Sijui nani alinituma. Akasema, "Kwa hiyo huyu Mwanahawa tunaye mpaka ufe, na miaka 50 juu."

Nakula ugali umepoa siku ya tisa leo. Nimeanza kutunga mwingine, wa Agnes, jina kamili, ubini kamili, asije mtu akachanganya. Mpaka sasa hivi nina kesi, nina nesi, na tangu juzi nimepata besi.