Mzee Muljibhai wa Kakira, sukari yake na miwa yetu

Hapa Jinja, Uganda, ukitaja Kakira, pale kwenye kiwanda cha sukari, kila mtu ana lake. Kuna wanaosema bila Mzee Muljibhai Madhvani, mwenye kiwanda hicho, Busoga, eneo letu hili, ingebaki pori, na kuna wanaosema yeye ndo alileta miwa na miwa ndo imetumaliza. Mi naona kila upande umeshika nusu.

Mzee alizaliwa India 1894, akaja huku 1908 akiwa kijana mdogo kabisa, akaanza na biashara ya duka, mpaka 1930 kiwanda cha sukari Kakira kikaanza kusaga. Baadaye ukoo ukaingia kwenye chuma, nguo na bia. Alifariki 1958. Halafu 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, na hapo ndo watu wakaelewa kiwanda sio mabati na boila, maana mashine zilibaki palepale lakini sukari ikapotea madukani ikawa kitu cha magendo. Familia ilirudi 1985 ikaanza kufufua. Leo makapi ya miwa yanachomwa yanatoa umeme mpaka mwingine unauzwa kwenye gridi ya taifa, na molasisi inageuzwa spiriti. Hiyo ni akili kubwa na lazima tuiheshimu.

Ila hiyo miwa ilikatwa na nani? Watu wa West Nile kule kaskazini magharibi mwa Uganda, Wanyarwanda, Wakongo, wakikaa kwenye kempu, na ndo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili mpaka leo. Babu yangu alitoka Arua, hukohuko West Nile, kuja kukata. Mkono wake wa kushoto, ule wa kushikia muwa, vidole viwili vilikuwa havikunjiki tena.

Na sisi autogrowa wa sasa, yaani wakulima tunaopanda miwa kwenye mashamba yetu na kuuzia viwanda, tatizo letu ni hili: muwa unakaa shambani kama miezi 18, lakini ukishakatwa haungoji, kila siku unakauka, uzito unashuka na sukari inapungua. Kwa hiyo mwenye kinu ndo amekushika. Msimu uliopita tripu zangu mbili za lori la miwa zililala siku tatu nje ya geti la kiwanda kimoja, jua linawaka, dereva anadai hela ya kulala, nikaja kulipwa uzito wa muwa mkavu. Sheria ya Sukari ya 2020 ipo, na bado bei tunagombania. Wakati huohuo jirani amepanda miwa mpaka kwenye ukuta wa jiko, mihogo hana, posho, yaani unga wa mahindi, ananunua dukani.

Hilo la jirani simlaumu Mzee, enzi zake miwa mingi ilikuwa ya shamba la kiwanda chenyewe, hii ya kila mtu kupanda mpaka mlangoni imepamba moto baadaye sana. Ninachomlaumu ni mpangilio aliouacha, kinu na mizani kwa mtu mmoja, na viwanda vyote vilivyokuja nyuma vimeufuata hivyohivyo. Mi naomba kitu kimoja tu, lori lipimwe siku lilipofika getini, hata kama kusaga ni keshokutwa.