"Wewe wa wapi?" ndilo swali linalopima usawa wa kura

Mtanzania mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza, hata akiwa mwanafunzi, anaruhusiwa kuchagua wabunge wa nchi hiyo. Wengi waliotoka Tabora na Kigoma hukaa huko miaka bila kulijua hilo. Sababu ni uanachama wa Tanzania katika Jumuiya ya Madola: Mfaransa aliyeishi London miaka 20 bila uraia hachagui mbunge, Mmanyema wa Ujiji anachagua. Unajiandikisha mtandaoni kwa dakika chache: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, uraia na namba ya bima ya taifa. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya kura. Tangu 2023 kituoni wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania inakubalika. Wanaokwama ni wale ambao pasipoti yao imetumwa kwenye maombi ya kibali siku hiyo ya kura. Dawa yake ni kuomba mapema cheti cha mpiga kura, ambacho ni bure, au kura ya posta.

Wala msidhani huko wamemaliza. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu waliohamia kutoka visiwa vya Karibiani kabla ya 1973, wenye haki kamili ya kuishi Uingereza, walikuwa wakidaiwa nyaraka za kuthibitisha kila mwaka waliokaa. Kuna waliopoteza kazi, kuna waliofukuzwa nchini. Serikali yenyewe ilishaharibu kadi zao za kuingilia. Weusi wao ndio uliowafanya waulizwe.

Kwetu ngozi ni moja, swali ni lilelile. Muha wa Kasulu au Kibondo akifika dirishani kuomba kitambulisho cha taifa huulizwa alikozaliwa baba, alikozaliwa babu, na lafudhi yake inasikilizwa kwa makini kuliko majibu yake. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hilo halijawahi kuwa kosa. Sheria ya uraia inaangalia mzazi, haina kifungu cha lafudhi. Anayeumia zaidi ni mama aliyezaliwa nyumbani, asiye na cheti cha kuzaliwa, ambaye wazee waliomjua wameshafariki. Mwenye mzazi hai ashughulikie mapema cheti cha mzazi, barua ya kijiji na kadi yake ya zamani ya mpiga kura. Asingoje daftari lifunguliwe: uboreshaji wa 2024, ambao ulizinduliwa Kigoma Julai 20, ulikaa siku saba tu kila kituo.

Hili linauma kwa sababu ahadi ya usawa wa kura ilitolewa Tabora. Januari 1958 TANU ilikutana pale kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Masharti yalikuwa ya kudhalilisha: upate pauni 150 kwa mwaka, au uwe na elimu au cheo kilichotajwa; kisha kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Viti sawa kwa kila rangi, katika nchi ambayo Waafrika walizidi 95 kwa kila watu 100! Nyerere aliwashawishi waingie ili waushinde mpango huo kutoka ndani. Zuberi Mtemvu alikataa na kujitoa TANU. Wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda, Wazungu na Waasia wakiwamo. Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alisema yuko tayari kujiuzulu.

Kwamba karatasi ya kura iwe na washindani wa kweli ni deni jingine. Mwaka 2025, Chadema ilipokosekana kwenye karatasi ya urais, kila mtu aliliona.

Lakini tunajua kufanya vizuri. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, wakiwamo wa Ulyankulu, mkoani Tabora. Kama tuliweza hilo, Muha aliyezaliwa Heru Juu anakataliwaje kwa mdomo, dirishani? Afisa akimkataa mtu, aandike sababu kwenye karatasi, aweke sahihi na tarehe, ampe nakala. Bila karatasi hiyo hakuna pa kukatia rufaa.