Tramu Iliyoshika Kushoto

Kwa mtu aliyejifunza kuvuka barabara Tanga, ambako magari hushika kushoto, miaka miwili ya kuishi Dresden, Ujerumani, ni miaka ya kujihimiza kila asubuhi: kulia, kulia, kulia. Nilidhani nimekwisha kuhitimu, hadi shemeji yangu Mjerumani aliponipeleka mwaka 2018 kupanda tramu, yaani treni ndogo ya umeme ipitayo barabarani, ya bonde la Kirnitzsch, katika milima ya mawe ya mchanga karibu na mpaka wa Ucheki.

Tramu hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1898 juu ya reli zenye upana wa mita moja tu, hutoka mji wa Bad Schandau na kupanda takriban kilomita 8 kando ya mto hadi maporomoko ya Lichtenhain. Kwenda hakukuwa na neno. Maporomoko yenyewe, nayasema haya kwa heshima, ni kijito kilichowekewa kizuizi mwaka 1830. Kilifunguliwa kidogo kama bomba la kutawadhia, watalii wakapiga picha, kikafungwa.

Balaa lilikuwa kurudi. Njia ya reli ni moja, nayo imelazwa pembeni mwa barabara ya magari, upande uleule uwe unapanda au unashuka. Kwa hiyo tramu inayoshuka hushika kushoto, ikiyakabili magari yanayopanda. Nikiwa nimeketi nyuma ya dereva, mwanzoni nilijiona niko kwetu kabisa. Kisha kwenye kona likachomoza lori la magogo, likitujia uso kwa uso, na miaka yangu yote miwili ya kulia ikanipanda kichwani kwa pamoja.

"Lori! Jamani, lori!" nilipiga ukelele, nikajitupa pembeni, nikaangukia mapajani mwa bibi mmoja aliyepakata sanduku la keki ya plamu. Dereva aligonga kengele mara mbili bila haraka, kama muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Lori likajisogeza, likatupisha.

"Shemeji, kaa," aliniambia mwenyeji wangu kwa sauti ya chini. "Inakwenda hivi tangu enzi za Kaisari."

Nilikaa, plamu imenigandia kiwikoni. Bibi alifungua sanduku, akaikagua keki kwa muda mrefu, akanikabidhi kipande kilichobondeka kuliko vyote. Tangu hapo, kila gari lilipotokea mbele, aliliinua sanduku juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika mkanda wa suruali.