Utando wa kinga kwenye kioo cha bafu: anayechota ziwani alipie?

Ukiagiza kioo cha bafu cha unene wa milimita 8 au 10, kile cha kuzuia maji ya kuogea yasiruke nje, si cha kujitazamia, unaweza kukuta kwenye profoma mstari wa ziada: utando wa kinga. Anayeukataa huonekana bahili, kana kwamba bafu lake kaliacha nusu. Kwa Mwanza, ambako maji ya bomba hutoka Ziwa Victoria, hesabu mara nyingi iko upande wake.

Utando wenyewe si utapeli. Ni kemikali za jamii ya silikoni zinazoshikana na uso wa kioo, maji yasitandae bali yajikusanye matone na kuteremka. Ukipakwa kiwandani, kioo kikiwa kipya na safi, hudumu miaka. Wa kupaka kwa mkono huchoka mapema zaidi. Ila hauondoi madini yaliyomo kwenye tone lililogoma kushuka. Tone hilo likikauka huacha duara jeupe, na maduara huonekana vibaya kuliko ukungu uliosambaa.

Sasa tuje kwenye maji. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ndiyo maana ni laini, yaani yana chokaa kidogo. Chukulia ugumu, yaani chokaa iliyoyeyuka, wa miligramu 40 kwa lita, na kila anayeoga aache mililita 100 kiooni. Yakikauka, inabaki chokaa miligramu 4. Watu wawili kila siku, mwaka mzima, bila kufuta hata mara moja: gramu 3 hivi, kama nusu kijiko cha chai, tena imesambaa kioo kizima. Bafu hilo hilo kwa maji ya kisima chenye miligramu 300 lingepata gramu 22. Tumia mpira wa kufutia kioo, ubakize mililita 10 tu, na mtu wa bomba la ziwa anabaki na gramu 0.3 kwa mwaka. Hapo utando unalipwa kwa kazi gani?

Kinachomchafulia yeye kioo ni mafuta ya mwili, povu la sabuni ya mche na kuvu pembeni kwenye silikoni ya kuzibia. Hayo yanataka kitambaa na sabuni ya maji, utando uwepo usiwepo. Shida kubwa ni kwamba aliyelipia huacha kufuta.

Mwenye kisima kirefu, tuseme Kisesa au Usagara, ana hoja yake. Maji yaliyokaa kwenye miamba ya graniti huweza kubeba silika, madini yale yale ya mchanga, na doa la silika halisikii siki. Siki huyeyusha chokaa tu. Gesti nayo ni hivyo hivyo, maana hakuna mgeni atakayeshika mpira. Hao walipe, na wachague wa kiwandani. Kama hujui maji yako ni ya aina gani, dondoshea matone kwenye kioo cheusi, uyaache yakauke, kisha utazame yameacha nini.

Utando wa kupaka kwa mkono hufa siku ya kwanza kwa sababu ya haraka. Kioo kioshwe kwa siki, kisuuzwe, kikaushwe, kisha kifutwe kwa spiriti hadi kisibaki na alama ya kidole wala gundi ya selotepu. Dawa ipakwe kwa wima, kisha kwa ulalo, na maji yasikiguse hadi muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Baada ya hapo usitumie stilwaya, unga wa kusugulia wala jiki. Na kioo kilichokwisha kuliwa na maji usikipake. Utakuwa umelifungia doa ndani.

Jambo la mwisho huwapita hata mafundi wazuri: vioo vingi vyenye utando wa kiwandani vimepakwa upande mmoja tu. Kabla ya silikoni ya kuzibia kubanwa, nyunyizia maji pande zote mbili. Upande unaoyakusanya matone ndio wa kutazama bomba la mvua. Ukikuta umegeuziwa nje, upande mkavu, kioo kishushwe.